Robo Gramu

Masanyiwa, umepiga simu mara tatu kuuliza:
robo gramu yangu iko wapi?
Ile uliyoituma kutoka Nyarugusu
ndani ya karatasi ya daftari la hesabu,
selotepu juu, na jina langu ukaandika Kwimba,
kama wilaya, si Nkwimba dada yako.

Iko hapa. Usikasirike. Imekuwa nyekundu.

Niliilaza usiku kucha katika tindikali mbili,
kila moja peke yake haiiwezi dhahabu,
zikichanganywa hakuna kinachobaki.
Asubuhi yakawa maji ya njano.
Nikayachemsha, nikamimina sitireti,
binamu wa ukali wa limau,
nikasubiri: kijivu, zambarau, halafu ghafla
maji ya tikiti, chupa nzima,
na dirisha la Capripoint likamwaga ziwa
kupitia wekundu huo hadi kwenye koti langu jeupe.

Njano ni tabia ya umati, ndugu yangu.
Pasua unywele mara elfu tano,
chukua ubale mmoja: dhahabu ya ukubwa huo
haikumbuki pete wala hereni.

Ukizidi kuipunguza
inasahau hata namna ya kukaa.
Kipande chako kilipangwa kama kreti za soda
ghalani Igogo, safu juu ya safu,
ukate popote, mpango ni uleule.
Lakini atomi kumi na tatu hazina ghala.
Moja inakaa kati,
kumi na mbili zinaizunguka, migongo kwake,
karibu kiumbe chote ni ngozi,
zimejibana kwa pembe tano tano
(Daktari Nyanzobe anasema hata hili lina ubishi).
Mwulize fundi vigae wa Mabatini
kama sakafu ya pembe tano hukamilika.
Atakuonyesha nyufa.

Na anayezishika naye ana neno lake.
Sitireti inashika kwa ncha za vidole.
Gundi ya mgunga, ile bibi aliyotutafunisha machungani,
inafunika tu, kama shuka, haifiki mifupani.
Salfa ndiyo yenye mkono mzito:
inaikamata atomi ya juu, inaivuta nje ya mstari,
inaipinda, inaifunga na jirani yake,
mpaka ngozi ile si dhahabu tena, wala si salfa,
ni mapatano.
Kwa kipande kikubwa usingeliona hilo.
Mkono gani utalipinda lile jiwe la Bismarck?
Kwa kidogo, anayekushika ni nusu ya umbo lako.
Niliandika hivyo kwenye ripoti, wakakifuta.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumanne.
Bwire, mwanafunzi wangu, alikuwa anakula yai la kuchemsha
juu ya meza yangu, chumvi kwenye kipande cha gazeti.
Umeme ukakatika. Akageuka kutafuta tochi, kiwiko
kikagonga gazeti. Chumvi ikaingia chupani.
Tulimulika kwa simu:
zambarau, buluu ya wino,
kisha maji matupu na vumbi jeusi chini.

Shuleni tuliimbishwa umoja ni nguvu.
Hizi zikiungana zinazama.
Kilichoziweka juu ni kule kusukumana,
kila moja na sitireti yake ikimwambia jirani, kaa hapo,
na chumvi ikawanyamazisha wote.

Chupa ya pili ilikuwa na gundi ya mgunga.
Niliitia chumvi kwa makusudi, kijiko kizima, kwa hasira.
Mpaka leo ni nyekundu.

Kwa hiyo chagua. Vumbi jeusi ni lako,
nikiliyeyusha kwa moto litarudi njano,
sonara atalipima, atanung'unika kidogo.
Nusu nyingine iko kwenye friji, rafu ya chini,
na jina lako juu yake, herufi zote zimetimia.
Njoo Jumamosi uione kabla hujaidai.
Usimletee Bwire mayai.